Paka Mzee Hachechemei

Usisubiri achechemee. Ugonjwa wa viungo kwa paka mara nyingi hushika pande zote mbili kwa pamoja, nyonga ya kulia na ya kushoto, viwiko vyote viwili, kwa hiyo hana mguu mzima wa kuegemea wala mguu mmoja mbovu wa kuunyanyua. Anachofanya ni kuacha. Anaacha kulala juu ya kabati, anaacha kupita dirishani, anaacha kupanda ukuta wa uani, kimoja baada ya kingine. Kwa kuwa anaacha taratibu, watu wa nyumbani husema amezeeka, na habari inaishia hapo.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Utemini, mjini Singida, mwenye paka aliyevuka miaka saba au minane, anayekaa mbali na kliniki ya paka lakini hatua chache tu kutoka duka la dawa. Hali hizo mbili ndizo zinazoamua mengi. Nafuu ya kwanza ya paka wako itatoka kwenye mpangilio wa nyumba, na hatari ya kwanza itatoka kwenye kidonge ulichonunua kwa ajili ya kichwa chako mwenyewe.

Paka wengi mitaani kwetu hawakuletwa kwa mapenzi. Waliletwa kwa sababu ya panya: magunia ya alizeti na mahindi yakishaingia stoo, mtu anatafuta paka. Ndiyo maana dalili ya kwanza kuonwa na mwenye nyumba huwa ya kazi, kwamba panya wamerudi darini. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Kwa paka mwenye nyonga mbovu, panya hutawala na yeye yupo, kajilaza kwenye kochi. Hapo baadhi ya watu humnyima chakula ili awe mkali. Huo ni ukatili, na hata kwa hesabu ya panya haulipi. Paka anawinda kwa kuruka, na anayeumwa mgongo haruki zaidi kwa sababu ana njaa.

Ukubwa wa jambo lenyewe umejulikana vizuri miaka ya karibuni tu. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walichapisha matokeo ya picha za eksirei za paka 100 waliovuka miaka 12, na 90 kati yao walikuwa na viungo vilivyoharibika. Mwaka 2010 ukaja uchunguzi mwingine wa paka 100 wa rika mbalimbali, waliochaguliwa bila kujali kama wanaonekana kuumwa: 92 walikutwa na uharibifu mahali fulani mwilini. Si kila kiungo kinachoonekana kibaya kwenye picha kinauma, wala si kila kinachouma kinaonekana kwenye picha. Hiyo ni habari njema kwa mtu wa Singida, kwa sababu maana yake ni kwamba jicho la mwenye paka lina uzito kuliko mashine.

Ndani ya kiungo, gegedu linalofunika ncha za mifupa hulika, ute unaolainisha hupungua nguvu, mifupa huota vijinundu, na mishipa ya fahamu iliyo jirani huzidi kuwa myepesi kuhisi. Gegedu lililolika halirudi. Kinachotibika ni maumivu, na maumivu yakipungua misuli hurudi kufanya kazi na kukishikilia kiungo. Ndiyo faida yote, nayo si ndogo.

Angalia alichoacha kufanya

Jiulize mambo sita: anaruka kupanda? Anaruka kushuka? Anapanda ngazi? Anashuka ngazi? Anakimbia? Anakimbiza kinachojongea? Kwa kila moja, linganisha na alivyokuwa miaka miwili iliyopita. Usimlinganishe na paka wa jirani.

Kisha fanya jaribio moja asubuhi, kabla hajala. Weka kiti cha plastiki katikati ya sebule na dagaa mmoja juu yake, kaa kando, washa kamera ya simu. Paka mzima hupima kwa macho, huinama mara moja, tayari yuko juu. Mwenye nyonga zinazouma atazunguka kiti, atainua kichwa, atashusha, ataweka miguu ya mbele juu kwanza na kujivuta kama abiria anayepanda daladala iliyokwisha kujaa. Wakati wa kushuka tazama viwiko: atanyoosha mikono chini ya kiti kadiri anavyoweza kabla ya kujiachia, na akitua utasikia kishindo. Wengine husimama pale juu wakilia mpaka mtu awashushe.

Video hiyo ni mali. Ukimpeleka kwa daktari, paka ataganda mezani kwa hofu na hataonyesha lolote, hata awe anaumwa kiasi gani. Rekodi pia akitembea kuelekea kwako, akitembea kukuacha, na akishuka ngazi za kibarazani.

Mengine utayaona kwa mkono. Pitisha kiganja mgongoni kuelekea mkia. Paka asiyeweza kujipinda ajilambe huacha manyoya yakashikana karibu na kiuno, na chini yake kuna mba. Tazama kucha: asiyepanda wala kukwaruza miti huota kucha nene zilizojikunja, na kwenye sakafu ya marumaru utazisikia zikigonga akitembea. Kucha ya paka mzee inaweza kujizungusha hadi ikachoma nyama ya kiganja chake mwenyewe. Nimeona hiyo kwa paka wa jirani, ambaye kila mtu alidhani amekanyaga mwiba.

Tabia nayo hubadilika. Aliyekuwa mpole anang'ata akinyanyuliwa. Aliyekuwa akijisaidia mahali pake sasa anakojoa kando ya beseni, na anachapwa kwa "ukaidi", kumbe ukingo wa beseni ni mrefu kuliko uwezo wa nyonga zake.

Lakini si kila mabadiliko ni viungo. Miguu ya nyuma ikilegea ghafla, ikawa ya baridi, na paka analia kwa sauti asiyokuwa nayo, huenda damu imeganda kwenye mshipa mkubwa. Hiyo ni dharura ya saa ile ile. Mguu uliovimba upande mmoja wenye joto ni jipu la kung'atwa na paka mwenzake au mfupa uliovunjwa na bodaboda. Anayetembea huku visigino vya nyuma vimelala chini, anakunywa maji sana na kukonda, apimwe sukari. Na paka aliyebadilika ghafla ndani ya siku chache, akawa mkali kupita kawaida, anatoa udenda au ameshindwa kumeza, mfungie chumbani bila kumgusa na uite mtu wa mifugo, kwa sababu kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Aking'ata mtu, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa wa viungo hauji kwa siku tatu. Unakuja kwa miezi.

Panadol hapana, hata robo

Hapa naomba usome taratibu, maana huruma imeua paka wengi.

Parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini lake lina upungufu wa kimeng'enya ambacho kwa binadamu huifunga dawa hiyo na kuitoa mwilini, kwa hiyo dawa hugeuka kuwa kitu kinachoharibu chembe nyekundu za damu. Damu hubadilika rangi ikawa ya hudhurungi na hushindwa kubeba hewa. Sumu imewahi kuonekana kwa kiasi cha miligramu 10 tu kwa kila kilo ya uzito. Sasa piga hesabu: kidonge cha kawaida kina miligramu 500, robo yake ni 125, na paka wa kilo nne akipewa robo hiyo amepata zaidi ya miligramu 30 kwa kilo. Kidonge kizima hakina hata haja ya kuhesabiwa.

Dalili huanza ndani ya saa chache: udhaifu, kuhema haraka, ufizi wenye rangi ya matope au wa bluu, uso na viganja kuvimba. Akishameza usimpe maziwa wala mafuta wala usisubiri uone. Mkimbize kwa daktari ukiwa na pakiti ya dawa mkononi. Ipo dawa ya kupambana na sumu hiyo, asetilisisteini, inayotumika kwa binadamu pia, lakini muda ndio unaoamua.

Diklopa ni mbaya maradufu kwa sababu ndani yake mna parasetamoli na diklofenaki. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo na kuua figo. Aspirini kwa paka huchukua karibu siku mbili kupungua nusu mwilini, kwa hiyo anayempa kila siku anarundika. Dawa ya kuchua nayo ni ile ile kwa njia nyingine: chochote unachompaka atakilamba, na hata ile uliyojipaka gotini mwako atailamba akilala mapajani. Jipake, funika, nawa mikono, ndipo umshike.

Kuna mawili ya hapa kwetu hasa. Singida ni mkoa wa vitunguu, na supu ya kuku iliyoungwa vizuri huonekana chakula cha mgonjwa. Kwa paka, kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu, viwe vibichi au vimepikwa. Toa nyama yake kabla hujaunga. La pili ni viroboto. Paka asiyejilamba hujaa viroboto, na aliye na ng'ombe nyumbani hushawishika kuchovya kitambaa kwenye dawa ya kuogeshea mifugo. Dawa nyingi za josho zina siperimetrini au amitrazi, na zote mbili ni hatari kwa paka. Mchane kwa chanuo lenye meno ya karibu, chovya chanuo kwenye maji ya sabuni, rudia kesho.

Nyumba kwanza

Singida iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na wenyeji hawahitaji kuambiwa habari za upepo. Juni na Julai, upepo ukipita chini ya mlango usiku na sakafu ya saruji ikawa kama barafu, kiungo kibovu hukaza. Kwa hiyo anza na kitanda. Chukua boksi la kartoni, ligeuze mdomo wake ukabili ukuta, liweke juu ya mbao au magazeti ili lisiguse saruji, tandika blanketi kuukuu lililokunjwa mara kadhaa. Blanketi moja jembamba halitoshi. Paka mzee amekonda mapajani na mifupa yake inagonga chini. Usiku wa baridi kali jaza chupa maji ya moto yanayovumilika mkononi, ifunge kwenye kanga, iweke upande mmoja wa boksi ili awe na nafasi ya kuisogelea au kuikimbia. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, si kwa ajili yake wala kwa ajili yako; hewa yake inaua bila harufu. Asubuhi mfungulie njia ya jua. Paka mwenyewe anajua jiwe lipi uani hupata joto mapema, kazi yako ni kuhakikisha anafika.

Kufika ndilo tatizo. Kosa la watu wenye huruma ni kumwondolea paka sehemu za juu: wanafunga dirisha, wanasukuma kochi mbali. Paka asiye na mahali pa juu huishi kwa wasiwasi, hasa penye mbwa na watoto. Mwachie sehemu ya juu, mjengee njia. Kigoda mbele ya kochi kinatosha. Kwa dirisha, panga tofali za kuchoma kama ngazi, kila kidato kisizidi shubiri moja, kipana kiasi cha kusimamisha miguu yote minne, na kizungushie gunia la katani lisiteleze. Ngazi ikitikisika hata mara moja hataiamini tena, kwa hiyo ikazie kwanza, ndipo uweke dagaa kwenye kila kidato.

Nyumba mpya za Utemini nyingi zimetandikwa marumaru, zinapendeza, na kwa paka mwenye nyonga mbovu ni uwanja wa kuanguka. Miguu ya nyuma hutawanyika na misuli huchanika kujizuia. Si lazima uzulie nyumba nzima. Angalia njia anazopita, kutoka kitandani kwenda kwenye chakula, kutoka kwenye chakula kwenda mlangoni, utandike vipande vya zulia lenye mgongo wa mpira. Mkeka haufai hapa, wenyewe unateleza.

Choo kinastahili maneno kidogo zaidi, kwa sababu ndicho kinachofanya paka wazee wafukuzwe. Aliyezoea kuchimba uani, kiangazi ardhi ikikauka na kuwa ngumu anaumia viwiko akikwangua. Mwekee beseni pana la plastiki ndani au kibarazani, lililokatwa upande mmoja ukabaki ukingo wa vidole vinne, na kingo ulizokata zilainishe kwa moto wa mshumaa. Jaza maranda kwa fundi seremala au mchanga laini uliochekechwa, toa uchafu kila siku. Beseni liwe karibu na kitanda, lakini si kando ya chakula; hakuna kiumbe anayependa hivyo. Kama nyumba ina ghorofa au ngazi nyingi, weka mabeseni mawili.

Maji weka sehemu mbili au tatu. Sahani ya chakula iinue kidogo juu ya kopo lililofunikwa, ili asiiname sana kama shingo au viwiko vinauma. Watoto wafundishwe kumnyanyua kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya makalio. Kumning'iniza kwa mikono ya mbele kunauma hata kwa paka kijana.

Kucha zikatwe kila baada ya wiki tatu au nne kwa kikata kucha cha kawaida. Mfunge kwenye taulo, toa mguu mmoja, bonyeza kiganja kucha itoke, kata ncha tu. Ukiona sehemu ya waridi ndani, usiifikie. Kama kucha ni nyeusi huoni kitu, basi kata kidogo mara nyingi. Siku moja mguu mmoja inatosha.

Chakula, na habari ya alizeti

Mpime kwanza. Mweke kwenye kikapu chenye kifuniko, ukapime kwenye mzani wa duka la nafaka, kisha pima kikapu kitupu na utoe. Muuza duka atacheka, haidhuru. Andika. Uzito huo utautumia kwa chakula na kwa dawa, na hakuna dawa salama bila huo.

Mnene apunguzwe polepole, asilimia moja au mbili ya uzito kwa wiki. Kwa paka wa kilo sita hiyo ni kama gramu 60 hadi 120. Usimfungishe: paka mnene asiyekula siku mbili tatu, mafuta hukimbilia kwenye ini na anaweza kufa. Lakini ukweli wa mitaa yetu ni kwamba paka wengi wazee wamekonda, na kinachowamaliza ni ugali. Paka ni mla nyama. Mzee anahitaji protini zaidi ili misuli inayoshikilia viungo isiyeyuke, kwa hiyo ugali uwe wa kujazia tu, na nyama, samaki, yai lililopikwa au kuku ndio mlo.

Mafuta ya samaki, yale yenye omega-3, yana ushahidi wa kupunguza uvimbe wa viungo. Mafuta ya alizeti hayana kazi hiyo. Nalisema hili katika mkoa unaojivunia alizeti kuliko mingi, lakini mafuta yake ni ya omega-6, na kumnywesha paka kijiko ni kumharisha bure. Dagaa wanasaidia kwa sehemu: waoshe mchanga uishe, wachemshe bila chumvi, mpe pamoja na vyakula vingine. Asiishi kwa dagaa peke yake, wala samaki wabichi kila siku, maana hukosesha vitamini muhimu. Vidonge vya mafuta ya samaki vipo kwenye maduka ya dawa za binadamu, ila kiasi umuulize daktari kwa uzito ulioandika, na hakikisha si mafuta ya ini la samaki.

Ini lenyewe ni mtego. Maini ni rahisi kutafuna, paka huyapenda, na mwenye bucha akikuzoea atakuwekea mabaki kila jioni. Paka anayekula maini kila siku kwa miezi hupata vitamini A kupita kiasi, na matokeo yake ni mifupa ya shingo na mabega kuota na kushikana hadi hawezi kugeuza kichwa. Ni ugonjwa wa viungo unaotoka kwenye sahani. Kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha.

Glukosamini inayouzwa kwa binadamu haimdhuru sana, lakini ushahidi wake kwa paka ni dhaifu. Kama fedha ni moja, nunua zulia na samaki.

Dawa ya daktari

Nyumba ikishatengenezwa na bado anaumia, tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, kama Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inavyotaka. Anzia ofisi ya mifugo ya Manispaa. Muuza duka la dawa za mifugo anaweza kuwa mtu mwema na mzoefu wa kuku, lakini usimwombe akuchomee paka. Daktari wako anaweza kuwa anashinda na ng'ombe na mbuzi. Haijalishi, mradi ana uzito, ana video, na yuko tayari kuwasiliana na wenzake wa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mpeleke paka kwa bajaji, ndani ya tenga lililofunikwa kanga. Bodaboda isiwepo kwenye mpango.

Muulize kuhusu meloksikamu ya maji. Barani Ulaya imeidhinishwa kwa maumivu ya viungo ya muda mrefu ya paka, kwa miligramu 0.05 kwa kilo kwa siku baada ya dozi kubwa kidogo ya siku ya kwanza. Marekani kwa upande wao wameweka onyo kali juu ya kuirudia, kwa sababu ya vifo vya figo. Madaktari wengi duniani huitumia kwa tahadhari: kiasi kidogo kinachofaa, pamoja na chakula, paka anakunywa maji vizuri, figo zimepimwa. Usichukue kidonge cha binadamu ukakata. Kidonge kidogo ni miligramu 7.5, paka wa kilo nne anahitaji 0.2. Ungekigawa vipande 37, na hakuna kisu cha kazi hiyo.

Akiacha kula, akitapika, akitoa kinyesi cheusi kama lami au akianza kunywa maji kupita kawaida, acha dawa siku hiyo na mpigie daktari. Kama tangu mwanzo anakunywa na kukojoa sana, mwambie daktari kabla ya dozi ya kwanza, maana figo za paka wazee huchoka mara nyingi na dawa hii huzimalizia.

Kwa wenye figo mbovu ipo gabapentini, inayotuliza mishipa ya fahamu na kuleta usingizi siku za mwanzo. Na ipo sindano ya mara moja kwa mwezi, Solensia, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2021 na Marekani Januari 2022, inayozuia kemikali inayoamsha mishipa ya maumivu. Inahitaji kukaa kwenye friji muda wote, kwa hiyo kabla ya kuota juu yake piga simu kliniki za Dar es Salaam au Arusha, uulize kama wanayo na itasafiri vipi.

Sindano mbili zimezoeleka sana kwenye mifugo: oksitetrasaiklini na deksamethasoni. Ya kwanza hupambana na bakteria, na gegedu lililolika halina bakteria. Ya pili itamfanya aonekane amepona kwa siku mbili tatu, lakini ikirudiwa inaweza kumletea kisukari, na ikikutana na meloksikamu tumbo hutoboka. Akichomwa deksamethasoni, mwambie daktari anayefuata.

Kalenda ya ukutani

Jicho la mwenye paka lina kasoro moja: likitoa fedha, huona nafuu. Watafiti wale wa North Carolina waliwahi kuwapa paka kundi moja meloksikamu na kundi jingine dawa bandia, na wenye paka wa makundi yote mawili waliripoti nafuu. Tofauti ilijitokeza dawa ziliposimamishwa, pale waliokuwa wanapata dawa halisi walipoanza kurudi nyuma.

Kwa hiyo chagua mambo matatu ambayo paka wako aliacha, si zaidi. Mfano: kupanda kochi bila kigoda, kujilamba mgongo, kuja mlangoni ukirudi kazini. Kila jioni weka alama kwenye kalenda, alifanya au hakufanya. Anza wiki mbili kabla ya dawa. Baada ya mwezi hesabu alama, kisha daktari akikubali simamisha siku kadhaa uone kinachotokea. Kama hakuna tofauti, umeokoa figo zake na mfuko wako. Kama amerudi chini ya kochi, umejua.

Kalenda hiyo hiyo itakuambia pia siku ambazo hutaki kuzisikia. Paka anayekataa chakula anachokipenda, asiyefika kwenye beseni hata likiwa karibu, anayejificha na kunguruma akiguswa, na alama mbaya zimezidi nzuri kwa wiki mfululizo licha ya dawa, amefika mahali pa kuzungumziwa. Daktari humlaza kwanza kwa dawa ya usingizi, kisha humchoma sindano ya mwisho, na paka hasikii kitu. Sumu ya panya au kumtupa porini ni mateso, na havina nafasi hapa. Baada ya sindano mzike siku hiyo hiyo kwenye shimo refu, kama mita moja, na uweke mawe juu kabla ya udongo wa mwisho. Dawa ile hubaki mwilini muda mrefu, na mbwa akifukua akala, atakufa naye.